Skuta za umeme, vilima vya Kampala na wifi yangu wa Kibra

Hapa Uganda neno umeme lina kisa chake. Kwa miaka 20, tangu 2005 hadi Machi 2025, lilikuwa jina la kampuni iliyosambaza stima nchini. Kwa hiyo nilipomwambia jirani yangu wa Bombo kwamba Jumapili nitapanda skuta ya umeme, aliniuliza, "Kwani wamerudi? Sasa wanakodisha pikipiki?" Nikamweleza kuwa ni kigari cha kusimama: magurudumu mawili, usukani mrefu, betri chini ya nyayo, kiti hakuna. Akanitazama kuanzia kilemba hadi kandambili. Nina miaka 54. Akasema, "Hajati, Mungu akurudishe salama."

Chanzo cha yote ni wifi yangu. Ameolewa na kaka yangu, wanakaa Kibra, Nairobi, na kila akija huku huniambia Kampala ni vumbi, foleni na rolex, ile chapati yetu ya kukunjia mayai. Sina cha kumjibu kwa sababu kila akija nampeleka palepale: soko la Owino akachague mashuka, kisha Bombo kwa jamaa, tunywe chai hadi jioni. Safari hii mwanangu akanionyesha kwenye simu matembezi ya saa nne kwa skuta, yenye kiongozi, katikati ya mji wa zamani: Nakasero, Old Kampala, Namirembe, Mengo, na kumalizia makaburi ya wafalme Kasubi. Shilingi 130,000 kwa kichwa kwa sisi wa Afrika Mashariki; wageni wa mbali wanalipa kwa dola na wanalipa zaidi. Nikalipa watu wawili kwa simu, risiti ikaja kabla sijaiweka simu mezani. Hapo nawapa alama kamili.

Fomu ikaniuliza lugha ninayotaka. Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, Luganda. Kiswahili hakimo. Hii ni nchi ambayo tangu 2005 Katiba yake inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mimi nimelea watoto wanne kwa mshahara uliotoka kwenye ngeli zake. Nikaandika chini, penye nafasi ya maoni: "Tunataka Kiswahili, tafadhali." Wakajibu usiku uleule kuwa yupo kijana anayekijua.

Tulikutana naye Jumapili saa moja asubuhi kwenye uwanja wa kuegesha magari huko Nakasero. Kijana mpole, mabega mapana, Kiswahili chake amekiokota kambi ya polisi alikolelewa. "Nyinyi wamama mtapanda skuta yenu, hapana kuogopa," akatuambia. Mkono wangu wa kulia ukaanza kutafuta kalamu nyekundu. Wifi akanifinya. Baada ya nusu saa niliacha kuhesabu makosa, kwa sababu kijana anajua kusimulia, na Kiswahili cha kambini kina utamu wake: hakizunguki, kinafika. Waganda wengi wa rika langu hawakipendi kwa sababu walikisikia kwanza kutoka kwa mtu mwenye bunduki kizuizini. Huyu amezaliwa baada ya hayo, anakisema kwa kicheko.

Tulikuwa watu sita: sisi wawili, vijana wawili Wajerumani waliokuwa wakijitolea Masaka, na mume na mke kutoka Mbarara waliokuwa wakiadhimisha ndoa yao. Nyuma yetu alikuwepo boda wa pikipiki ya umeme, kazi yake kubeba betri ya akiba, maji na sanduku la dawa. Mkumbukeni huyo boda, atarudi.

Mafunzo yalichukua dakika 20 na yalitosha. Unaweka mguu mmoja juu, unasukuma kwa mwingine kama mtoto anayecheza, kisha unabonyeza kidude cha mafuta (nasema mafuta kwa mazoea) kwa kidole gumba cha kulia. Breki ya nyuma kwanza, ya mbele baadaye. Ukianza na ya mbele utaenda wewe, skuta itabaki. Kiongozi alikuwa amefunga mwendo usizidi kilomita 20 kwa saa. Magurudumu ni manene na yana upepo, si yale membamba ya mpira mgumu ya kuchezea kwenye sakafu ya duka, na hilo ni jambo la kuuliza kabla hujalipa popote katika mji huu. Kwa mashimo yetu, gurudumu jembamba ni meno mezani.

Kuhusu mavazi, nilijiandaa: dira juu, suruali chini. Wifi alikuja na gurbaba zake kamili, vitambaa viwili vimepangwa kama anakwenda harusini, kwa sababu Mnubi wa Kibra hatoki kwenda mjini kama mtu anayekwenda kisimani. Nikajua tumekwisha. Kijana akafungua mkoba akatoa vibanio vya nguo, vile vya kuanikia, akambania pindo pande zote mbili bila kumgusa, akimwelekeza tu: "Hapa, mama. Na hapa." Hiyo ndiyo huduma. Kofia ngumu nazo zilikuwa za hali nzuri lakini zilikuwa zimefuliwa jana yake na hazikukauka, na wifi alilazimika kuvua kilemba ili yake imwingie. Wangetuambia mapema tungekuja na ushungi mwepesi. Hata neno moja kuhusu nguo halikuwemo kwenye ujumbe wao.

Kituo cha kwanza, sanamu ya Uhuru pale Nile Avenue: mama amefungwa vitambaa mwilini, anamwinua mtoto aliyenyoosha mikono. Nimepita hapo maisha yangu yote nikiwa ndani ya taksi, shingo imekunjwa, nikiona miguu yake tu. Kijana alisema aliyeitengeneza mwaka 1962 ni Gregory Maloba, Mkenya. Wifi alifurahi kana kwamba ni binamu yake. "Hata uhuru wenu tumewachongea sisi," akasema, na sentensi hiyo tumeishi nayo hadi alipopanda basi la kurudi.

Tukateremka hadi stesheni ya reli, tukasimama dakika tano. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu 1901, lakini treni ya kutoka Mombasa ilingoja hadi 1931 kuingia Kampala. Hapo hakukuwa na mengi ya kuona, lango limefungwa, na mtunza geti hakutaka tupige picha.

Barabara ya Kampala, Jumapili saa mbili asubuhi, ndipo nilipoanza kuelewa kwa nini watu wanalipia kitu hiki. Skuta hainung'uniki. Inatoa mlio mdogo kama mbu aliyeshiba, basi. Unamsikia kiongozi bila yeye kupaza sauti, unasikia ufagio wa mama anayefagia mbele ya duka, unasikia kunguru na korongo wakubwa wa majalalani wakitembeza mbawa juu ya mapaa. Nimefanya kazi katika mji huu miaka 27 na sikuwahi kuusikia. Nilichojua mimi ni honi.

Kwenye William Street alitusimamisha tutazame juu, pale ambapo hakuna anayetazama kwa sababu macho yote yapo kwenye mkoba. Juu ya maduka ya simu na nguo kuna paji la jengo, na kwenye paji limechongwa jina la Kihindi na mwaka, wa miaka ya 1930 au 1940. Akasimulia Agosti 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke; na jinsi miaka ya 1990 serikali ilivyorudisha majengo kwa wenyewe, wengine wakarudi, wengine wakauza. Mume wa Mbarara akasema kimya kimya kwamba baba yake alipewa duka moja la namna hiyo kwao, akalirudisha. Hakuna aliyemuuliza zaidi. Mahali pengine ingebidi arudie kwa sauti ili kuishinda injini, na nadhani asingesema kabisa.

Lakini ukimya huo una upande wake mwingine. Soko la Nakasero halijui Jumapili. Tulikuwa tukipita pembeni kwa mwendo wa kobe, mchukuzi mmoja akatoka kati ya magari na mkungu wa matoke kichwani, hakutazama, kwa nini atazame? Kampala mtu hatazami, anasikiliza. Masikio yake yalimwambia barabara ni tupu. Mjerumani mmoja akafunga breki, ile ya mbele, akafanya lile tulilokatazwa. Akaangukia mikono. Mkungu ulipona, mchukuzi alipona, kiganja cha Mjerumani kikachubuka. Mchukuzi akatutazama sote sita tumesimama juu ya vibao vyetu, kofia kichwani, akasema kwa Luganda kitu ambacho tafsiri yake ya adabu ni kwamba tunatembea kama mizimu. Kengele waliyoweka kwenye skuta ni ya baiskeli ya mtoto, tring, na sokoni hakuna anayeisikia. Kijana alisafisha kiganja, akakifunga, akaomba radhi pande zote. Alifanya vizuri. Ila kampuni inayoleta chombo kisicho na sauti kwenye mji unaovuka barabara kwa masikio, iwape viongozi wake filimbi angalau. Nimewaandikia hivyo.

Sasa nifike Old Kampala, maana hapo ndipo matembezi haya yalipogeuka kuwa yangu.

Kilima hiki ndicho mzee wa mji. Jina la Kampala limetokana nacho, kasozi k'empala, kilima cha swala pala, na Lugard, kapteni Mwingereza, aliweka ngome yake hapa Desemba 1890. Leo kilele kina Msikiti wa Taifa, ulioanzishwa wakati wa Amin, ukalala miaka mingi ukiwa mifupa, ukamalizwa kwa fedha za Libya. Gaddafi mwenyewe alikuja kuufungua 2008 na kwa muda uliitwa kwa jina lake. Ngome ya zamani ilipisha msikiti, ikajengwa nyingine pembeni. Mnara una ngazi 304. Nilipanda. Wifi alisema yeye ameshuhudia Kampala vya kutosha akiwa chini, akabaki kivulini na viatu vya watu wote. Ukiwa juu kiongozi anakuonyesha vilima kimoja kimoja na barabara zinavyotoka kilimani kama vidole. Nenda asubuhi, mchana joto la mle ndani ya ngazi ni la tanuri. Kiingilio ni juu yako, hakimo kwenye zile 130,000, na hilo lilikuwa limeandikwa kwa herufi za sisimizi.

Tuliposhuka tukasimama karibu na ngome. Kijana akasimulia: Lugard alikuja na kampuni ya Waingereza, akajenga hapa, halafu Januari 1892 Waprotestanti na Wakatoliki wakapigana Mengo, Lugard akaingia upande wa Waprotestanti na bunduki yake ya Maxim, mambo yakaisha. Vizuri, sahihi, kwa mpangilio. Nikamwuliza, "Mwanangu, askari wake walikuwa akina nani?"

"Wazungu, Hajati. Na Wahindi kidogo."

Wifi akanitazama. Mimi nikamtazama wifi.

Mimi ni Mnubi. Mama wa mama wa mama yangu alizaliwa katika msafara. Lugard alikuja na Wasudani wachache na wapagazi wa Kiswahili, na aliona hawatoshi. Mwaka 1891 akaenda magharibi hadi Kavalli, kando ya Ziwa Albert, walikokuwa wamebaki askari Wasudani wa Emin Pasha, aliyekuwa gavana wa Misri kusini mwa Sudan, chini ya Selim Bey. Walikuwa wamekatika na Misri miaka mingi, wana wake, watoto, watumwa, ng'ombe, na bendera bado wameitunza. Akawachukua. Maelfu ya watu wakaja huku kwa miguu, na hao, babu zetu Wanubi, ndio walioshika ngome za Waingereza Uganda, na wengine wao, na watoto wao, ndio waliokuja kupewa msitu nje ya Nairobi kukaa. Msitu kwa Kinubi ni kibra. Wifi yangu anaishi ndani ya neno hilo.

Haya nilimwambia nikiwa nimeegemea skuta, Wajerumani wakitafsiriwa na mke wa Mbarara. Kijana hakujitetea. Alitoa simu akaniomba nimwandikie jina, S-E-L-I-M, na mwaka. Nimefundisha walimu wa mafunzo ambao hawakuweza kufanya hivyo. Wifi naye akachukua usukani wa hadithi na akaeleza Kibra kwa dakika kumi nzima, na mambo ya hati ya ardhi, na ya kitambulisho ambacho baba yake alikizungukia ofisi hadi viatu vikaisha, na nina hakika kijana alichanganyikiwa hapo. Mtaona.

Kutoka Old Kampala unateremka Bakuli, kisha unapanda Namirembe. Hapa niseme kuhusu betri. Maelezo ya kampuni yanasema kilomita 35 kwa chaji moja. Yameandikwa na mtu ambaye nchi yake ni tambarare. Kampala hakuna kilomita bila mlima, na skuta inayombeba mwanafunzi wa Kijerumani si ile inayombeba mwanamke wa makamo aliyeshiba maandazi. Yangu ilinguruma kwa mara ya kwanza siku hiyo, ikapanda kwa mwendo wa mtu anayekwenda kudaiwa. Ya wifi ilipiga kelele tatu, taa ikawa nyekundu, ikasimama katikati ya mwinuko.

"Mimi si mzito," akasema, kabla hajaulizwa.

Kijana akampigia simu boda mwenye betri ya akiba. Boda alikuwa Bakuli anakunywa chai. Simu ya kwanza, anakuja. Ya pili, anakuja. Tulingoja dakika 25, wifi amekaa kwenye ukingo wa barabara kama malkia aliyevunjikiwa na gari, vibanio vyote viwili bado pindoni. Kubadilisha betri yenyewe kulichukua dakika mbili: unafungua kibao cha chini kwa ufunguo, unachomoa, unachomeka, kama boda wa umeme mjini wanavyofanya kwenye vituo vyao vya betri. Mashine hazina lawama. Lawama ni ya chai.

Ila katika dakika hizo 25, ngoma za Namirembe zililia. Kanisa hilo huita watu wake kwa ngoma, tangu zamani, na sisi tulikuwa chini yake, bila injini hata moja inayowaka. Zilishuka kilimani kama zinatembea kwa miguu. Mke wa Mbarara alifumba macho. Mimi ni Mwislamu na sina zaidi la kusema, isipokuwa kwamba kama boda angefika mapema tungekuwa tumeshapita. Kanisa lenyewe tuliliona kwa nje tu kwa sababu ibada ilikuwa inaendelea: matofali mekundu, kuba, kazi iliyomalizika 1919 baada ya lililotangulia kuungua kwa radi mwaka 1910.

Mengo barabara ni nzuri na mwendo ni raha. Bulange, jengo la bunge la Buganda, kisha Kabaka Anjagala, ile maili moja iliyonyooka hadi lango la Lubiri, jumba la mfalme. Katikati ya njia kuna mzunguko wenye geti. Magari yote yanazunguka; Kabaka peke yake hufunguliwa geti akapita moja kwa moja, kwa sababu mfalme hakunji njia. Wifi akauliza itakuwaje yeye akipita. Kijana akacheka kwanza, kisha akaona hatanii, akamwomba azunguke.

Lubiri sikutaka kuingia, nitasema kweli. Najua kilichomo. Tulilipa kiingilio, tukaacha skuta langoni, tukatembea. Kijana alieleza tarehe 24 Mei 1966, jeshi la Obote chini ya Amin lilivyovamia jumba, Kabaka Mutesa akaruka ukuta, akafika Burundi, kisha London, akafia huko 1969. Halafu akatushusha hadi yale mahandaki ya zege, vyumba vya giza, maji kwenye sakafu ya mlangoni, maandishi ya makaa ukutani. Watu waliletwa hapa wakati wa Amin na hawakutoka. Alifika mahali pa kusema askari walikuwa akina nani. Akasita. Akatazama gurbaba ya wifi, akanitazama mimi, maana saa mbili zilizopita tulikuwa tumemwambia sisi ni nani na kwa fahari.

Nikamwambia, "Sema tu, mwanangu."

Akasema. Kutoka Nile Magharibi, kutoka Sudan, na Wanubi. Hakuongeza wala hakupunguza. Nilikuwa na miaka minane mwaka 1979 Amin alipoanguka, na tuliondoka Bombo usiku, mama amebeba sufuria na mdogo wangu, kwa sababu watu waliotoka kutafuta kisasi hawakuuliza nani alifanya nini. Hilo sikulisema mle ndani. Si mahali pake. Wale waliokwangua ukuta kwa makaa ndio wenye mahali pale. Wifi alinishika mkono hadi tulipotoka kwenye jua. Kama una watoto wadogo, mwambie kiongozi awabakize nje, na kama una mzee aliyeishi miaka ile, muulize kwanza. Kampuni haikutuuliza.

Saa zilikuwa zimekwisha. Kasubi hatukufika. Kijana alisema dakika zilizopotea Namirembe ndizo za Kasubi, na barabara ya kwenda huko saa hizo ilishajaa waumini wanaorudi. Nilisikitika, maana wifi ndiye aliyetaka hasa kuona lile paa la nyasi lililoungua Machi 2010 na kazi waliyoifanya kulirudisha. Ofisini wakatuambia turudi siku nyingine bure. Wifi anasafiri Jumanne, nikawaambia, arudi vipi, kwa skuta? Nikaomba sehemu ya fedha. Ujumbe wa kwanza haukujibiwa. Wa pili niliuandika kwa Kiswahili sanifu chenye "kwa mujibu wa makubaliano yetu", na shilingi 20,000 kwa kila mmoja zikaingia kabla ya magharibi.

Kwa hiyo, je, upande? Kama unaweza kusimama saa nne na magoti yanakutii, panda, lakini iwe Jumapili asubuhi na si siku nyingine yoyote. Jumatatu singempandisha hata adui. Vaa suruali, chukua ushungi mwepesi na sweta, maana upepo wa asubuhi juu ya skuta unapenya. Omba kiongozi wa Kiswahili ili waone kuwa kinahitajika. Hakikisha boda wa betri ameshakunywa chai. Kama uzito wako ni kama wa nyumba yetu, dai skuta yenye betri kubwa. Wanazo mbili, na siku ile walikuwa wamewapa Wajerumani.

Wifi alirudi Nairobi na vibanio viwili vya nguo kwenye mkoba. Anasema alisahau. Hajasema tena neno rolex kwa dharau, ingawa tulikula mbili kila mmoja pale Mengo kabla ya kurudi.

Wiki tatu baadaye mwalimu mwenzangu wa jiografia akapanda na kijana yuleyule. Akaniambia kuwa sasa, pale Old Kampala, anawasimulia wageni habari za askari Wasudani, vizuri sana, kwa hisia, na jina la Selim Bey analitaja na mwaka 1891 anautaja. Nikafurahi mno. "Tena," akasema, "sikujua kama Lugard aliwatoa Kibra."

Nikamwandikia kijana usiku uleule. Akanijibu kwa alama ya kidole gumba, na chini yake: "Sawa Hajati, hapana kuogopa, kesho nitawarudisha Kavalli."